Utamu wa Mkate Huu Umetoka Wapi?

Shangazi alikata kipande, akakinusa kwanza, ndipo akakitia mdomoni. Tulikuwa barazani kwake Tanga, alasiri, chupa ya chai ya tangawizi iko katikati ya mkeka na mkate umelazwa kwenye sinia. Binamu yangu ndiye aliyeuleta kutoka mjini. Kibandiko cha mfuko kilisomeka: mkate wa afya, ndizi, tende na oti, hauna sukari. Aliuchagua kwa ajili ya mama yake. Shangazi anaishi na ugonjwa wa sukari, na kila tunapokutana kuna mmoja wetu anayehangaika kutafuta kitu ambacho na yeye atakula pamoja na wenzake bila kutengewa sahani ya peke yake.

Alitafuna taratibu. Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye ninayeoka katika ukoo huu.

"Mwanangu, hapa wameandika hauna sukari."

"Ndiyo, shangazi."

"Sasa huu utamu umetoka wapi?"

Nikamwambia: kwenye tende, shangazi, na kwenye ndizi. Ni utamu wa tunda. Akasema "Ee," akamalizia kipande chake, hakuongeza kingine. Mazungumzo yakahamia kwenye arusi ya mwezi ujao.

Nilirudi Dar na swali lile. Wiki zilizofuata, kila nilipowasha jiko, lilikuwa limenitangulia jikoni.

## Kikombe cha asali

Mapishi ya mkate wa ndizi tunayotumiana kwenye simu karibu yote huanza na kikombe kimoja cha sukari. Kikombe hicho kina gramu 200 hivi. Mkate wa kopo moja hutoa vipande kumi vya kawaida. Kwa hiyo kila kipande kinabeba gramu 20 za sukari, yaani vijiko vitano vya chai, kabla hujaihesabu ndizi yenyewe.

Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2015, linashauri kwamba sukari ya kuongezwa kwenye chakula isizidi asilimia 10 ya nguvu yote ambayo mtu anaipata kwa siku. Linasema pia kwamba ikishuka chini ya asilimia 5 kuna faida zaidi. Kwa mtu mzima wa kawaida, hiyo asilimia 5 ni kama gramu 25. Kipande kimoja cha mkate na kikombe kimoja cha chai chenye vijiko viwili, umeshaipita. Na jua halijazama.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokimbilia asali.

Naipenda asali ya Tabora. Ina harufu ya miti ya miombo, na nyumbani kwangu haikosekani. Lakini kikombe kilekile ukikijaza asali kina uzito wa gramu 340 hivi, kwa kuwa asali ni nzito, na ndani yake kuna sukari kama gramu 280. Kikombe cha asali kina sukari nyingi kuliko kikombe cha sukari. Hata ukitia nusu, kama wengi wanavyofanya kwa kuwa asali ni tamu zaidi, bado umetia gramu 140. Mwongozo ule wa 2015 unaiweka asali kwenye fungu moja na sukari ya mezani, pamoja na shira na juisi ya matunda, hata ile uliyoikamua mwenyewe asubuhi.

Haya, tende.

Tende ina heshima yake kwetu, na inastahili. Katika gramu 100 za tende kuna nyuzinyuzi za gramu 7 hadi 8, kuna potasiamu, na haipandishi sukari mwilini kwa kasi kama watu wanavyodhani wakiionja. Lakini katika gramu hizo 100 kuna sukari zaidi ya gramu 60. Mkate wa "hauna sukari" hutiwa tende gramu 200 au zaidi, zikasagwa na maji moto mpaka ziwe rojo. Piga hesabu: sukari zaidi ya gramu 120 ndani ya mkate mmoja, gramu 12 kwa kila kipande, kisha ongeza ya ndizi. Imepungua kweli. Kuisha, haijaisha. Tende tatu za kufuturu ni jambo moja, tende za kikombe kizima zilizoyeyushwa ndani ya unga ni jambo jingine kabisa.

Na kuna jambo lililonikalisha kitako zaidi. Uingereza, katika namna yao ya kuhesabu, sukari iliyo ndani ya tunda zima au tunda lililokaushwa hawaiweki kwenye fungu la sukari za kupunguzwa. Lakini tunda hilohilo likisagwa likawa rojo, sukari yake inaingia kwenye hesabu. Sababu inaeleweka: ukila tunda zima, sukari imefungiwa ndani ya kuta za chembe zake, meno na tumbo lazima vifanye kazi kuitoa. Mashine ikishazivunja kuta hizo, sukari inaelea huru.

Sasa ndizi ninayoiponda kwa uma je?

Sikupata njia ya kulikwepa swali hilo. Nimeamua kuihesabu yote, ya ndizi, ya tende na ya bakuli la sukari, kisha nione nimebaki na nini.

## Sukari ina kazi nyingine

Kama sukari ingekuwa utamu tu, kuipunguza kungekuwa rahisi. Mkate usiochachushwa kwa hamira, huu unaoinuliwa na beking poda, unaitegemea sukari kwa mambo ambayo ulimi hauyajui.

Sukari inashika maji. Ndiyo maana mkate wenye sukari nyingi unakuwa mlaini hata siku ya pili. Vilevile inayagombania maji hayo na unga: protini za ngano zikikosa maji ya kutosha haziungani zikawa utando mgumu, na wanga unachelewa kukaza, kwa hiyo mkate unapata muda mrefu zaidi wa kuinuka kabla haujasimama. Mafuta nayo yanaupaka unga na kuulainisha, lakini sukari ndiyo inayobeba mzigo mkubwa. Halafu kuna rangi. Ule wekundu wa juu, na harufu inayowatoa watoto vyumbani, vinatokana na sukari ikiungua kidogo na kukutana na protini za yai na maziwa kwenye joto.

Ukiitoa sukari yote bila kuweka kitu mahali pake, unatoa mkate uliopauka, umekaza, una vishimo virefu kama vya funza ndani, na kesho yake unakwaruza koo. Halafu katika joto la Dar unaota ukungu mapema zaidi, kwa sababu yale maji ambayo sukari ingeyashikilia sasa yako wazi kwa kila kinachotaka kuyanywa.

Nilichokiona jikoni ni hiki. Theluthi ya kwanza ya sukari unaiondoa na hakuna atakayejua. Ukifika nusu, watu wa nyumbani wanaanza kuuliza kama umebadilisha duka. Ukivuka nusu, lazima kitu kingine kishike maji na kitu kingine kilainishe. Kwangu ni mtindi, ndizi ya kutosha, na mafuta ya alizeti ambayo siyaonei uchoyo. Wapo wanaotoa sukari na mafuta kwa pamoja, mkate ukawa adhabu. Siwaungi mkono. Mkate usiolika hauna afya yoyote, maana mtu atauacha na kwenda kununua maandazi.

Na kupika polepole kunasaidia. Moto wa chini kidogo, muda mrefu kidogo.

## Ndizi yenye madoa

Ndizi mbichi ina wanga unaokaribia asilimia 20 ya uzito wa nyama yake, na sukari kidogo sana. Ikiiva, gesi ya ethilini inayotoka ndani yake yenyewe inaviamsha vimeng'enya, wanga unavunjwa, na mwisho unabaki asilimia moja au mbili tu. Ulioondoka umekuwa sukari. Ndiyo maana sokoni huwa navizia yale mafungu yaliyosukumwa pembeni, yaliyopiga madoa, ambayo muuzaji anataka yaondoke kabla ya jioni. Kwa kuoka ndiyo bora, na bei yake ni ya chini.

Nimejaribu aina kadhaa. Mtwike ina maji na inapondeka vizuri. Kisukari ni ndogo, harufu yake ni nzito na ina uchachu kwa mbali. Ukiweza kuzipata za kutosha, mkate wake hauna mpinzani. Mzuzu iliyoiva mpaka ikawa nyeusi inautia mkate uzito, lakini inahitaji mtindi zaidi.

Kwa muda niliamini hapa ndipo jibu lilipo. Acha ndizi iive mpaka mwisho, utamu utatoka mle, sukari ya dukani ibaki dukani.

Kisha nikamfikiria aliyeuliza.

Kwa mtu mwenye ugonjwa wa sukari, ndizi iliyoiva sana ndiyo inayopandisha sukari ya damu haraka kuliko ile ambayo bado imeshikilia wanga wake. Ile inayoniwezesha mimi kupunguza sukari kwenye bakuli ndiyo hiyohiyo inayomharakishia yeye. Mwili wake haujui kama utamu umetoka kiwandani au shambani. Niliposoma hilo mara ya kwanza lilinikera, nikaona kama mtu anainyanyasa ndizi. Nilipotulia nikaona kwamba linanisaidia kupima. Ndizi tatu kubwa, gramu 300 zikishamenywa, zina sukari kama gramu 36. Kwa vipande kumi ni chini ya gramu nne kila kimoja. Hilo naweza kulibeba. Ndizi sita, siwezi. Na nachukua zenye madoa, zilizooza na kutoa maji naziacha.

Utamu uliobaki nautafuta puani. Shangazi ana haki ya kunusa kwanza. Iliki iliyopondwa muda huohuo, mdalasini, na ganda la chungwa la Muheza, lile la kijani, likaparwa juujuu bila kugusa nyeupe yake. Vitu hivi tumevizoea ndani ya vyakula vitamu tangu utotoni, na pua ikivipata ulimi unaandaa utamu ambao haupo kwenye bakuli. Chumvi nayo, nusu kijiko cha chai, inafanya kazi ambayo sukari ilikuwa inajisifia. Msiiache.

## Hesabu ya oti

Hii ndiyo sehemu iliyonisumbua kuliko zote, kwa sababu oti ndiyo inayoupa mkate huu jina la afya.

Sifa ya oti ni ya kweli. Ndani yake kuna aina ya nyuzinyuzi iitwayo beta-glukani, ambayo ikikutana na maji inakuwa ute mzito. Ute huo tumboni unachelewesha chakula, na unasaidia kuishusha lehemu mbaya kwenye damu. Mwaka 1997 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu kampuni kuandika kwenye pakiti za oti kwamba zinasaidia kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo. Kiwango kilichotajwa ni gramu 3 za beta-glukani kwa siku.

Kikombe kimoja cha oti, gramu 90 hivi, kina kama gramu 3 na nusu.

Mkate wangu una kikombe kimoja cha oti. Unatoa vipande kumi.

Yaani kipande kimoja kina theluthi ya gramu moja. Ili shangazi afikie kiwango kile kwa mkate huu, anapaswa kula vipande vinane au tisa kwa siku, jambo ambalo hakuna daktari atakayelikubali. Bakuli moja kubwa la uji wa oti asubuhi linamfikishia karibu kiasi hicho bila sukari hata kijiko.

Nilikaa nikaangalia pakiti ile. Kumbe unga wa ngano usiokobolewa, ule wa chapati za atta, una nyuzinyuzi kwa ujumla zinazokaribiana na za oti. Tofauti yao ni ya aina. Unga mweupe ndio ulioachwa nyuma sana. Kwa hiyo ningeuacha unga mweupe na kuchukua wa atta bila kugusa oti kabisa, ningekuwa nimeshapiga hatua kubwa, na kwa bei nafuu.

Je, niitoe? Hapana. Oti inashika maji, na kwa mkate wenye sukari kidogo hilo ni jambo kubwa: kazi ya ulaini ambayo sukari iliiacha wazi, oti inaichukua kwa sehemu. Inashibisha. Inatia ladha ya karanga ukiikaanga kidogo kwenye sufuria kavu kwanza. Nachagua zile bapa nene, siyo zile za kuiva papo hapo zilizosagwa sana, maana kadiri nafaka inavyovunjwa ndivyo mwili unavyoimaliza haraka. Ninachokataa ni kuitumia oti kama pazia. Kipande cha mkate wenye oti na gramu 20 za sukari ni keki. Keki ni kitu kizuri siku yake ikifika, na iitwe keki.

## Sukari iliyohama

Nilipofika kwenye mkate wenye vijiko viwili tu vya chakula vya sukari, nyumbani uliliwa. Hakuna aliyelalamika.

Baada ya siku chache nikaanza kuona bakuli la sukari la mezani linakwisha mapema. Mwenzangu, ambaye siku zote hunywa chai yenye kijiko kimoja, alikuwa anatia viwili. Watoto walikuwa wanapaka jamu juu ya kipande. Hakuna aliyekusudia. Walikuwa wanarudisha mezani kile nilichokitoa jikoni, na jumla ya siku ilikuwa palepale.

Hilo lilinivunja nguvu kuliko mkate wowote uliokataa kuinuka.

Wengi husema ulimi huzoea, subiri tu. Kuna kweli ndani yake, na ina mpaka. Watafiti wa Monell Chemical Senses Center, Philadelphia, walichapisha mwaka 2016 matokeo ya watu waliopunguza sukari kwa miezi mitatu kwa kiasi kikubwa, asilimia 40 ya nguvu waliyokuwa wakiipata kutoka kwenye sukari. Kufikia mwezi wa tatu, pudini ambayo wenzao waliiona ya kawaida, wao waliiona tamu zaidi. Ulimi ulikuwa umeamka. Lakini walipoulizwa wanapenda utamu kiasi gani, hawakutofautiana na wenzao. Hisia ilibadilika, tamaa haikubadilika.

Nilisoma hilo na nikaacha kusubiri miujiza. Nikabadilisha kitu kingine: kilicho mezani. Mkate unaletwa na chai iliyochemshwa na majani, tangawizi na maziwa, na sukari imeshatiwa kidogo jikoni, bakuli halipo. Mahali pa jamu kuna siagi ya karanga isiyotiwa sukari. Anayetaka sukari zaidi anainuka kwenda kuichukua, na wengi hawainuki.

Vipande navyo nimevikata vyembamba. Kopo lilelile sasa linatoa vipande kumi na vinne. Mtu akila viwili amekula karibu kimoja na nusu cha zamani, na amefurahi mara mbili.

## Simu ya Tanga

Nilimpigia shangazi. Shikamoo, marahaba, habari za wajukuu, kisha nikamwambia nina jibu la swali lake.

Nikamsomea hesabu. Mkate ule wa kwenye mfuko, kwa tende zake, kwa makadirio yangu, kipande kimoja kina sukari kama vijiko vinne vya chai. Huu wangu wa sasa, kipande chembamba, ukijumlisha ya ndizi na ya bakuli, kina kama kijiko kimoja na kidogo. Halafu kuna wanga wa unga na oti, ambao nao mwishowe unakuwa sukari mwilini. Huo upo kwenye mikate yote miwili.

Nilitegemea atasema kwamba basi huo wa kwanza asiletewe tena. Alinyamaza kidogo, akasema:

"Basi mwanangu, siku ukiuleta uniandikie kwenye karatasi. Nitajua nile kingapi, na wali nipunguze wapi."

Yeye anachoma kidole chake kila asubuhi. Anajua embe dodo moja linamfanya nini na nusu yake inamfanya nini. Amejipimia wali kwa kikombe kwa miaka. Hakuwahi kuomba mkate usio na sukari. Sisi ndio tuliomletea huo, na tulimpa maneno mahali ambapo alihitaji namba.

Kwa hiyo nina ombi kwa wote wanaooka na kuuza, na najua wapo wengi, maana majiko ya nyumbani yanalisha familia nyingi siku hizi. Msiandike "hauna sukari" kwenye mkate wenye tende za kikombe kizima. Andikeni tende gramu ngapi, asali vijiko vingapi, mkate unatoa vipande vingapi. Hamtapoteza wateja. Mtampata yule ambaye amekuwa akipita mbele ya meza yenu bila kuthubutu kununua kwa sababu hajui anachokula.

## Ninavyouoka sasa

Oti kikombe kimoja, uikaange kavu mpaka inukie, kisha uiloweke kwenye nusu kikombe cha mtindi kwa nusu saa. Usiiruke hatua hii. Oti kavu ikiingia kwenye kopo itakunywa maji ya mkate mzima wakati unaokwa, na utatoa tofali.

Ndizi tatu kubwa zenye madoa, ziponde kwa uma, acha vipande vidogo vidogo. Vikikutana na ulimi vinatoa utamu wa ghafla ambao rojo haliutoi. Tia mayai mawili, robo kikombe cha mafuta ya alizeti, sukari vijiko viwili vya chakula, ganda la chungwa moja lililoparwa, iliki na mdalasini kwa mkono wako. Changanya na oti iliyolowekwa.

Pembeni, unga wa atta kikombe kimoja na nusu, beking poda kijiko kimoja na nusu cha chai, beking soda nusu kijiko, chumvi nusu kijiko. Chekecha pamoja, kisha mimina unga kwenye ule mchanganyiko wa maji na ugeuze taratibu mpaka usione unga mkavu, basi. Usikoroge kama uji. Ukikoroga sana unauamsha ule utando wa ngano, na sukari ya kuuzuia haipo tena.

Ukipenda, ongeza korosho zilizovunjwa, au tende nne zilizokatwa vipande. Vipande, siyo rojo. Na uzihesabu.

Peleka motoni mara moja, kwa sababu beking soda imeshakutana na uchachu wa mtindi na gesi imeanza kutoka. Ovena nyuzi 175, dakika 50 hadi 60. Kwa jiko la mkaa, tia mchanga kwenye sufuria kubwa, upate moto kwanza, weka kopo juu yake, funika, kisha palia makaa juu ya kifuniko, mengi juu kuliko chini. Usifunue kabla ya nusu saa. Ukichoma kijiti katikati kikatoka kikavu, umeiva. Uache upoe kabisa kabla ya kukata. Wa moto unavunjika, na ladha ya viungo bado haijatulia. Kesho yake ni mtamu zaidi. Siku ya tatu uhamishie kwenye friji.

Nikipima beking poda huwa namkumbuka Alfred Bird, mwenye duka la dawa mjini Birmingham, ambaye mwaka 1843 alitengeneza poda ya kuinulia mkate kwa sababu mwili wa mkewe haukukubaliana na hamira. Alitaka mtu wa nyumbani kwake ale mkate na wenzake. Unga huu mweupe tunaoununua kwa kikopo ulianzia hapo.

## Oti ni ghali

Bado kuna jambo moja ambalo sijalimaliza.

Oti nyingi zilizo kwenye maduka yetu zimetoka nje, na pakiti moja inagharimu zaidi ya kilo ya unga. Nikimwandikia mtu mwenye kipato cha kawaida kwamba mkate wa afya unaanza na oti, nimemfungia mlango. Na tayari nimeonyesha kwamba kwa kipande kimoja, faida ya pekee ya oti ni ndogo.

Ndiyo maana sasa meza yangu ina ulezi. Gramu 100 za ulezi zina madini ya chokaa zaidi ya miligramu 300, nafaka chache zinafikia hapo, na unapatikana karibu kila soko. Wachagga wameshaukutanisha na ndizi tangu zamani kwenye mbege, kwa hiyo ladha hizo mbili zinajuana. Nimebadilisha theluthi ya unga wa atta kwa unga wa ulezi uliokaangwa kidogo, na nusu ya oti nimeitoa. Rangi inakuwa ya udongo mwekundu, harufu ni nzuri kupita nilivyotarajia, na iliki inakaa vizuri juu yake.

Tatizo ni mbili. Ulezi hauna ule utando wa ngano, kwa hiyo mkate unamong'onyoka ukiukata. Na unga wake ukisagwa laini sana humeng'enywa haraka, kama unga laini wowote, na mimi natafuta kinyume chake. Nimemwomba mwenye mashine ausage mkwaruzo, nao umebaki na chengachenga ambazo watoto wanazitoa mdomoni.

Wasomaji wa Moshi, Sumbawanga na popote mnapopika ulezi mara kwa mara: nisaidieni. Mkiuchanganya na ngano, mnauloweka usiku kucha au mnatia moja kwa moja? Na kuna anayeuotesha kwanza, kama wa mbege, kisha akauanika na kuusaga kwa ajili ya mkate? Uoteshaji unaugeuza wanga kuwa sukari, kwa hiyo ningependa kujua utamu wake unafika wapi kabla sijaandika namba yoyote kwenye karatasi.